Ziwa Lililokuwa Juu ya Shule ya Biblia

Mwezi huu tutembee mbali kidogo, mpaka katika muji mudogo wa Marekani unaoitwa Toccoa. Uko katika jimbo la Georgia, upande wa kaskazini-mashariki, kilometa 150 hivi kutoka Atlanta. Ni inchi ya vilima na misonobari, na udongo wake ni mwekundu kama huu wetu wa Katanga, ule unaoshika viatu wakati wa mvua na kukataa kutoka.

Watu wanaofika kule wanakuja zaidi kuangalia maporomoko ya maji. Kijito kimoja, Toccoa Creek, kinatembea polepole kati ya miti juu ya kilima, kinafika kwenye ukingo wa mwamba, kisha kinaanguka meta 57 mara moja. Ni kama urefu wa nyumba ya etaji 18. Maporomoko hayo yako katika uwanja wa shule ya Kikristo, Toccoa Falls College. Mugeni anaingia kwenye mulango wa shule, analipa feza kidogo, anafuata njia ya changarawe dakika chache tu, na hapo amefika chini ya maji. Kuna mawe makubwa, kuna baridi ya manyunyu usoni, na makelele ya maji yanafanya watu wasemezane kwa sauti ya juu. Pale kuna pia ukumbusho wa watu 39 waliokufa.

Mutoto akisikia hesabu hiyo atauliza: walianguka kutoka juu? Hapana. Walikuwa wamelala katika nyumba zao.

Shule hiyo ilianzishwa na muchungaji Richard A. Forrest katika mwaka 1907, na mwaka 1911 ikahamia hapa Toccoa. Husimuliwa kwamba alipopatana bei ya shamba na hoteli iliyokuwa pale, alikuwa na dola 10 tu za kutanguliza. Deni iliyobaki ilikuwa ya kulipa kwa maombi na kwa jasho. Mwaka 1913 hoteli yenyewe ikaungua, na kazi ikaendelea. Sisi tuliopita katika Shule ya Biblia tunaelewa haraka hali hiyo: bukari na lengalenga, feza chache, imani nyingi, na kila kitu kinachoweza kutumika kinatumiwa. Tena watu hao si wageni kabisa kwetu. Forrest alikuwa wa Christian and Missionary Alliance, ile misioni ambayo watu wake walifika Kongo ya Chini tangu miaka ya 1880.

Sasa tupande juu ya mwamba, kule maji yanakotoka. Pahali pale palikuwa na baraje tangu mwaka 1899. Ya kwanza ilikuwa ya mawe yaliyofungwa ndani ya mbao, na ilijengwa kwa kutoa umeme kidogo. Baadaye pahali pakawa mikononi mwa shule. Shule ilihitaji umeme, na kununua umeme wa mbali ni gali. Basi wakajenga ukuta wa udongo juu ya ile baraje ya zamani, na kisha vita ya pili ya dunia wakauinua tena. Ukafikia urefu wa meta 120 hivi toka kilima mpaka kilima, na kimo cha karibu meta 12. Nyuma yake maji yalitanda ekitari 16. Ziwa likaitwa Kelly Barnes.

Kwa sisi tunaoijua Mwadingusha ao Nzilo, hiyo ni kitu kidogo sana. Ndiyo, ni kidogo. Ilitosha kwa kuwasha taa za shule.

Mwaka 1957 mashini ya umeme ilisimamishwa. Ziwa halikukaushwa. Lilibaki kuwa ziwa la kupumzika tu, pahali pa kutembea na kufurahi kandokando ya maji. Na kweli, nani atalaumu shule kwa kuwa na ziwa zuri? Wanafunzi wanachoka na masomo, familia za walimu zinapenda kupunga hewa. Lakini hapa napenda musomaji asimame kidogo pamoja nami. Wakati mashini inafanya kazi, kuna mutu anayepanda kila siku kuiangalia. Anafungua mulango wa maji, anafunga, anatazama tiyo, anaona kama majani yameziba. Mashini ikinyamaza, mutu yule anapewa kazi nyingine, na kitabu cha hesabu hakina tena mustari wa feza za baraje, sababu baraje haiingizi kitu. Ukuta wenyewe haukuambiwa kwamba kazi imekwisha. Unaendelea kusukumwa na maji yale yale, mchana na usiku, na mwaka kwa mwaka unazeeka.

Ukuta wa udongo unaishi kwa namna gani? Yule aliyechimba kiziwa cha samaki kwake nyumbani atanifahamu. Watu wengine wanafikiri kwamba ukuta mzuri haupitishi maji hata tone. Si hivyo. Kila ukuta wa udongo unanyonya maji kidogo na kuyatoa upande wa chini. Maji yale yakitoka polepole, tena yakiwa safi, hakuna neno kubwa. Yakianza kutoka na matope, jua kwamba yanabeba udongo wa ndani; maana yake kuna njia inachimbwa, ndogo kama ya muchwa, na kila siku inaongezeka. Upande wa chini wa ukuta unapaswa kulala vizuri kama mugongo wa kilima kilichochoka, usisimame wima. Miti mikubwa haifai kuota juu yake: mizizi inaingia ndani, muti ukifa mizizi inaoza, na pahali pa muzizi panabaki tundu. Tena lazima kuwe na njia pana pembeni ya kupitisha maji ya ziada wakati wa mvua kubwa. Na tiyo inayopita chini ya ukuta ni kidonda kinachopaswa kuangaliwa sana, sababu maji yanapenda kufuata mugongo wa tiyo.

Kule Toccoa mugongo wa ukuta ulikuwa umesimama mno. Miti ilikuwa imeota juu yake. Picha iliyopigwa mwaka 1973 inaonyesha kwamba kipande cha udongo upande wa chini kilikuwa kimekwisha kuteleza, kimo cha meta karibu 4 na upana wa meta 9. Picha ilipigwa, ikahifadhiwa. Ukuta uliendelea kusimama miaka 4 mingine.

Mwaka 1977, tangu tarehe 2 mwezi wa 11, mvua ilinyesha katika kipande kile cha Georgia. Kwa siku nne ilipita sentimeta 17. Nusu yake ilishuka tarehe 5, siku ya Posho, toka magaribi mpaka usiku wa manane. Kijito kikajaa, kikaanza kutoka katika njia yake chini kwenye shule. Wazima-moto wa shule, watu wa kujitolea, walitoka katika mvua ile. Walienda kuangalia ukuta kwa mwangaza wa taa, hawakuona neno la kuogopesha. Wakarudi chini, wakatembea kati ya nyumba zilizokuwa karibu na kijito, juu ya kuonya watu.

Saa saba na nusu ya usiku, siku ya Mungu tarehe 6, ukuta ulipasuka.

Enjenieri walihesabu baadaye kwamba usiku ule ziwa lilikuwa na maji zaidi ya meta kube 770,000. Pahali maji yalipopita kwa nguvu zaidi, chini kidogo ya baraje, yalikuwa meta kube 680 kwa kila sekonde. Kijana musomaji, meta kube moja ni mapipa 5 ya lita 200. Basi fikiri mapipa 3,400 yamemwagwa juu yako kwa muda wa kusema neno moja, kisha mengine 3,400, na mengine tena, pamoja na miti na mawe. Maji yalishuka maporomoko, yakapiga enternati ya wanaume katika vyumba vya chini, yakafikia nyumba za magurudumu zilizopangwa kandokando ya kijito. Ndani ya nyumba hizo walikaa wanafunzi waliooa, pamoja na wake zao na watoto. Ni nyumba nyepesi za bati na mbao. Hazikukaa pahali pao. Jipu ya wazima-moto pia ilichukuliwa na maji. Kati ya wale waliokuwa ndani, si wote waliopona.

Watu waliokufa walikuwa 39, na kati yao watoto walikuwa 20. Nyumba 9, nyumba za magurudumu 18 na majengo 2 ya shule viliharibika kabisa. Kulipokucha ilikuwa saa ya ibada, na wale waliopona walikuwa wakitafuta watu wao katika matope.

Rosalynn Carter, muke wa rais wa Marekani wa wakati ule, alifika pale mapema. Yeye na bwana wake Jimmy Carter walitoka katika jimbo lile lile la Georgia, na walikuwa Wabaptisti. Inasemwa kwamba alikuja kufariji, na kumbe wale waliofiwa ndio waliomufariji yeye. Mimi nasadiki habari hiyo. Wachungaji tumeyaona mambo ya namna hii katika matanga: mama aliyepoteza mutoto anashika mukono wako na kukuambia usilie, Mungu yuko. Neno lile likitoka katika kinywa chake, hakuna mutu anayeruhusiwa kubishana nalo. Ni lake. Amelilipa.

Lakini kuna kinywa kingine kinachopenda kusema neno lile lile, na hapa ndipo ninatofautisha. Miaka mitano mbele ya Toccoa, tarehe 26 mwezi wa 2 mwaka 1972, pahali panapoitwa Buffalo Creek katika jimbo la West Virginia, ukuta wa kompani ya makaa ya mawe ulipasuka. Ulikuwa umejengwa na takataka za mugodi tu, na nyuma yake kulikuwa na maji meusi ya kuosha makaa. Watu 125 walikufa, familia za wachimbaji. Na kompani yenyewe ilisema kwamba lilikuwa tendo la Mungu. Mungu ndiye aliyeleta mvua, ndiyo. Lakini ni Mungu aliyerundika takataka zile kati ya milima, juu ya vijiji, na kuziita baraje? Muke mujane akisema «Bwana ametoa, Bwana ametwaa», anaabudu. Mwenye ukuta akisema hivyo, anajificha. Sitaki tuchanganye vinywa viwili hivi.

Kwa Toccoa jambo ni gumu zaidi, sababu mwenye ukuta hakuwa tajiri wa makaa. Ilikuwa shule ya Mungu, na watu wake wenyewe ndio waliokufa chini ya maji yake. Hakuna aliyewachukia watoto wale. Enjenieri wa serkali walichunguza, na mwisho wa mwaka ule ule wa 1977 wakatoa ripoti. Walisema hawawezi kuonyesha sababu moja peke yake. Waliona kwamba yaelekea udongo uliteleza kwenye ule mugongo uliosimama mno, maji yaliyokuwa yanachimba ndani yakasaidia, sehemu ya juu ikavunjika kidogo, na kisha yote yakafuata. Michoro ya ujenzi walipoitafuta hawakuipata.

Wengine katika makanisa wanapenda kuuliza: watu wale walifanya zambi gani? Bwana Yesu alikwisha kujibu, katika habari ya munara wa Siloamu ulioangukia watu 18, katika Luka sura ya 13. Hawakuwa wabaya kupita wengine. Hapo wengi wetu tunafunga Biblia, tumetulia. Lakini Sheria ya Musa inaongeza neno lingine, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, na sijasikia watu wengi wakilihubiri: mutu akijenga nyumba mupya, aweke kizuizi pembeni ya dari, ili damu ya mutu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Angalieni namna Mungu alivyo na akili ya mwashi. Hakusema mwenye nyumba aombe ili watu wasianguke. Alisema ajenge kizuizi, na kama hakujenga, damu ina pahali pa kuandikwa. Ukuta wa maji pia una dari yake, na wale wanaolala chini hawakupanda juu kuchagua hatari.

Kisha msiba, mambo yalitembea upesi. Tangu 1972 Marekani ilikuwa na sheria ya kuchunguza baraje, ile iliyofuata Buffalo Creek, lakini feza za kuchunguza baraje za watu binafsi hazikutolewa. Sheria ilikuwa imelala kwenye karatasi. Kisha Toccoa, rais Carter alitoa amri kazi ianze. Kati ya 1978 na 1981 enjenieri wa jeshi walipita katika baraje zaidi ya 8,800 zilizokuwa na watu chini yake, na karibu theluthi moja zilionekana si salama. Nyingi zilikuwa kama ile ya shule: ukuta wa udongo, ziwa zuri la kupumzika, mwenyewe anayeheshimiwa katika kipande chake. Jimbo la Georgia likapata sheria yake ya baraje katika mwaka 1978.

Kwa nini nimewaandikia habari hii, ninyi mnaokaa kati ya migodi? Sababu kwetu kuta za udongo ni nyingi kupita za Toccoa, hata kama hakuna mutu anayeziita ziwa. Kuna mabwawa ya kompani ambamo mabaki ya mawe yaliyosagwa yanamwagwa pamoja na maji, na watu wanaita ukuta wake dige. Mengine yanatumika, mengine kompani ilikwisha kuondoka, na kartiye imesogea mpaka chini kabisa. Katika Brazil, kule Brumadinho, tarehe 25 mwezi wa kwanza 2019, ukuta wa namna hiyo ulianguka katikati ya mchana, na watu karibu 270 wakafa. Bwawa lile lilikuwa halipokei tena mabaki tangu miaka mitatu hivi. Nalo lilikuwa limemaliza kazi.

Ninyi vijana mnaokwenda kuogelea kule ao kuchunga mbuzi, macho yenu yanaona mbele ya macho ya wakubwa. Mukiona upasuko juu ya ukuta, ao udongo umeteleza pembeni, ao chini kunatoka maji yenye matope pahali palipokuwa pakavu, ao njia ya maji ya ziada imezibwa na miti na mifuko, rudini nyumbani na mulete habari. Na sisi wazazi tusiwajibu kwamba hiyo ni mambo ya kompani. Andikeni barua kwa mukubwa wa kartiye na kwa mwenye ukuta, muweke tarehe, mubaki na kopi moja. Kanisa linaweza kupiga muhuri wake chini. Na mvua ikiwa kubwa usiku, jueni mbele ya wakati ni kilima gani familia itapanda, nani atabeba bibi, nani atabeba mutoto. Ukuta ukianza kuteleza katika giza, saa ya kuulizana imekwisha.

Tena, makanisa yetu yenyewe yana vitu vya namna hii. Misioni nyingi ziliacha visima vilivyo wazi, matangi juu ya miguu iliyokula kutu, viziwa vya samaki vyenye ukuta uliotobolewa na panya, turbini ndogo zilizokufa zamani na ukuta wake ungali unashika maji. Tulirizi mali hizo kwa furaha. Katika mikutano ya kanisa tunahesabu mabati, viti na pikipiki. Napenda siku moja nisikie mutu anauliza: na ule ukuta wa juu, nani anaupanda?

Kule Toccoa baraje haikujengwa tena. Pahali pa ziwa pakawa pori. Kijito kinapita katika pengo lile lile kililojifungulia, kinafika kwenye ukingo wa mwamba na kuanguka meta zake 57. Shule iko, wanafunzi wangali wanasoma chini yake, na mugeni akiuliza juu ya majina ya wale 39, anaonyeshwa njia ya changarawe.